Pumzi ya Msindikizi

Jambo la kwanza Mwantumu aliloliona ni kwamba mashine ilivuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ndogo ya puani, kama ya mtu anayejiandaa kujitwisha ndoo. Ilitoka ndani ya kabati jeupe lililosimama katikati ya chumba cha mazoezi, na mara baada yake vidole kumi vya chuma vilishuka juu ya nyuzi za ganuni, ala ya taarabu, na wimbo ukaanza. Mwantumu naye akaanza kuimba, maana zamu yake ilikuwa imefika. Lakini huku anaimba alikuwa akijiuliza: kitu kisicho na mapafu kinavuta pumzi ya nini?

Kabati hilo liliitwa Msindikizi. Lilikuwa toleo jipya, limeletwa juzi tu na gari-waya kutoka bondeni, likachukua nafasi ya lile la mwaka wa kwanza ambalo lilipiga vizuri lakini kwa ubaridi. Kila mwanafunzi wa Chuo cha Mawinguni alikuwa na Msindikizi wake. Chuo kilikuwa juu kabisa katika milima ya Usambara, mahali ambapo hewa ya baridi hutunza mbao na nyuzi. Kilipokea watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza ya muziki, na kwa miaka miwili ya uzamili kiliwafundisha kitu kimoja: kusimama mbele ya watu na kutenda. Chini ya madirisha, roboti zenye miguu mirefu kama korongo zilichuma mapeasi katika ukungu, na wanafunzi walizoea kuziona kama walivyozoea kuona ng'ombe utotoni.

Kabla ya kuimba, Mwantumu alibandika kooni ngozi-hisi, kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Ngozi-hisi ilisoma misuli ya koo kabla sauti haijatoka, ikampa Msindikizi habari. Hivyo Msindikizi alijua noti kabla ya mwimbaji mwenyewe kuisikia. Mwimbaji akichelewa, alichelewa naye. Mwimbaji akielekea kukosea, vidole vya chuma viliukimbilia upande ule ule wa kosa, na kosa likageuka pambo. Wageni waliotembelea chuo waliambiwa kwa fahari kwamba mwimbaji wa Mawinguni hakosei.

Mchana ule, mezani, Mwantumu alimuuliza rafiki yake Hidaya, mpiga fidla, "Msindikizi wako mpya anapumua?"

"Wangu anakoroma," Hidaya alisema, akivunja muhogo.

"Nauliza kweli."

"Na mimi najibu kweli. Jana nilipiga vibaya nikamsikia anaguna. Tena akaguna kwa Kisambaa." Hidaya alimtazama, akaona hacheki. "Shoga, umechoka. Kabati likianza kupumua, kesho litataka chai. Kalale kidogo."

Mwantumu hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa msichana wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akitazama meza. Hata walimu wake walimsifu kwa jambo lililofanana na tabia yake: waliposikiliza nyimbo zake, walisema hakuna mwimbaji anayejua kunyamaza kama yeye. Katikati ya ubeti aliacha nafasi, na nafasi ile watu waliisikiliza kama wimbo. Mwalimu mmoja alisema nafasi zile haziwezi kufundishwa.

Siku zilipita. Pumzi ile alianza kuipenda. Ilimjia kabla ya kila ubeti, na bila kutaka alijikuta anavuta yake pamoja nayo. Sauti yake ikafunguka kuliko mwaka wa kwanza wote. Profesa Kijazi, mkuu wa chuo, alikuja mlangoni siku moja akasimama, akasikiliza hadi mwisho, akaondoka bila kusema neno. Kwa Profesa Kijazi huko kulikuwa kusifu sana.

Mambo yaligeuka asubuhi moja Mwantumu alipokuwa akiimba wimbo wa harusi wa kwao Muheza.

Katika kikundi cha mama yake kulikuwa na desturi. Mpigaji akikufurahisha, husimami kumpongeza, wala hungojei wimbo uishe. Unamwita jina lake palepale, katikati ya mistari, naye anakujibu kwa nyuzi. Mpigaji asiyeitwa usiku mzima hurudi nyumbani amenuna, na mkewe anajua kwa nini. Mwantumu alikua ndani ya desturi hiyo. Asubuhi ile Msindikizi aliudaka mwisho wa mstari kwa namna nzuri mno, laini na ya kejeli kidogo, naye akasahau alipo.

"Sefu!" aliita.

Vidole vya chuma vilijibu. Noti tatu zilishuka upesi, kukawa kimya, kisha noti ya nne ikaja peke yake kutoka juu, imechelewa, kama mtu aliyerudi kuchukua kofia yake.

Mwantumu aliacha kuimba.

Jibu lile lilikuwa la mtu mmoja tu duniani. Sefu Mwinchande alimpigia ganuni miaka yote ya shahada ya kwanza, kule Tanga. Walifanya mazoezi pamoja, walifanya mitihani pamoja, ingawa mitihani ilikuwa ya Mwantumu na Sefu alihesabiwa kama kiti au taa. Mwantumu alipochaguliwa kwenda Mawinguni, Sefu hakuweza kuja. Chuo hakikuchukua wasindikizaji, kilikuwa na kabati. Sefu alimwambia amepata kazi ya kupiga hotelini Muscat, wakaagana stendi, na baada ya hapo salamu zake zikawa fupi, kisha zikakoma.

Mwantumu alibandua ngozi-hisi kooni. 

"Mguso wako ni wa nani?" aliuliza.

Sheria iliitaka kila mashine ijibu ikiulizwa asili yake. Msindikizi alijibu kwa sauti ya upole, "Mguso wa toleo hili ulichotwa kwa Sefu Mwinchande, mkazi wa Mombo, kwa ridhaa yake mwenyewe."

"Mombo? Si Muscat?"

"Sina ruhusa ya kusema zaidi. Tuendelee na ubeti wa pili?"

Mwantumu hakuendelea. Alikaa kwenye sakafu, mgongo ukutani, akilitazama kabati, na kabati likangoja vidole vikiwa hewani.

Jumamosi aliteremka na gari-waya. Kule juu alivaa sweta. Kila nguzo waliyoipita joto liliongezeka, na walipofika Mombo sweta lilikuwa mkononi na jasho mgongoni. Mombo ulikuwa mji mkubwa sasa, wenye barabara zilizofunikwa kwa paa za kukusanya jua. Hakuhangaika kumtafuta Sefu. Aliuliza habari za mpiga ganuni, mwanamke mmoja akamwambia hakuna mpiga ganuni hapa, lakini yuko Sefu wa maturubai, anayekodisha viti vya harusi.

Alimkuta nyuma ya duka lake akipanga viti. Alikuwa amekonda. Kila mkono ulikuwa na kikuku chembamba cha rangi ya fedha.

"Karibu, dada, shughuli lini?" alisema bila kugeuka.

"Wewe hata Muscat yenyewe huijui," Mwantumu alisema.

Sefu aligeuka. Aliketi kwenye kiti kimojawapo, akamsogezea kingine.

"Umenijuaje?"

"Nimekuita. Umeitika."

"Nimeitika mimi?"

"Kabati limeitika. Kama wewe. Na linapumua kama wewe, kwa pua."

Sefu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Niliwaambia waiondoe ile pumzi. Wakasema haiwezekani, imefungamana na vidole. Mafundi wote wale, na mashine zao, wameshindwa na mafua yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Tumu? Baada ya wewe kwenda, nilizunguka vikundi vyote. Kila mtu ana kabati. Harusini kabati, msikitini kwenye maulidi kabati. Ndipo watu wa Hazina, wale wanaochota miguso na sauti za watu, wakaja. Wakasema, mikono yako itasikika vyumba mia, milimani, na katika vituo vya angani. Nikafikiri, bora isikike bila mimi kuliko isisikike kabisa." Akaongeza, "Na nikafikiri pengine moja ya makabati yale litakwenda kwako."

Alikuwa akigonga paja kwa vidole huku anasema. Mwantumu aliona kwamba aligonga mara tatu, akaacha. Mara tatu tena, akaacha.

"Hiyo nini?" aliuliza.

Sefu aliinua mkono wenye kikuku. "Hiki kinasikia mifupa ya vidole. Sheria inasema mguso uliochotwa lazima uwe mmoja tu, la sivyo wanunuzi wa huko angani hawaulipii. Kwa hiyo mtoaji haruhusiwi kupiga tena mbele ya watu. Noti tatu zikifuatana, kinavumilia. Ya nne kinalia, na habari inafika mahakamani. Sasa nimezoea. Hata mlango nabisha mara tatu. Watu wanadhani nina adabu."

"Lakini ulijua kabla hujaridhia."

"Nilijua. Waliposema mbele ya watu, nilielewa jukwaani. Siku dada yangu alipojifungua, nikamshika mtoto, analia, nikachukua ganuni nimbembeleze kidogo. Kikalia. Nikapelekwa kujieleza." Alitazama viti vyake. "Sikujua kuwa mtoto wa dada yangu naye ni watu."

Mwantumu alifuata macho yake. Kwenye kona, chini ya turubai lililokunjwa, aliona pembe ya sanduku la mbao alilolifahamu.

"Bado unayo."

"Nailaza tu nyuzi zisilegee. Kuilaza hawajakataza."

"Ilete."

"Tumu, usinitafutie balaa."

"Tatu ni halali. Umesema mwenyewe."

Sefu aliileta, akaiweka mapajani, akafuta vumbi kwa mkono wa shati. Mwantumu alivuta pumzi. Kisha, kwa sauti ya chini, ili majirani wasisikie, akaita, "Sefu."

Vidole vya Sefu vilishuka noti tatu, upesi, vikasimama. Kidole cha nne kilibaki hewani juu ya uzi. Ukimya ukaja, ule ule. Ndipo Mwantumu akafungua mdomo akaiimba noti ya nne mwenyewe, kutoka juu, imechelewa.

Kikuku hakikulia.

Sefu alilaza kiganja juu ya nyuzi. "Unajua," alisema, "jibu lile sikulitunga mimi. Tulikuwa kwenye korido tunangoja mtihani, wewe ulikuwa unaogopa, ukawa unaling'ong'a puani. Mimi nililidaka tu."

"Hapana, ulipiga kwanza wewe."

"Wewe ulianza."

"Wewe."

Walibishana hivyo kama watoto, na hakuna aliyeweza kukumbuka. Mwantumu aliporudi kwenye gari-waya, ubishi ule ulikuwa bado kichwani mwake, na kadiri walivyopanda ndivyo ulivyozidi kuwa mzito. Kama hawakujua nani alianza, basi watu wa Hazina walichukua nini, na cha nani?

Yapo mambo ambayo Mwantumu hakumwambia Sefu siku ile. Hakumwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameteuliwa. Kila mwaka, katika onyesho la kuhitimu, mwanafunzi bora alipewa heshima ya kuingizwa katika Hazina ya Sauti. Uchotaji haukufanyika maabara, kwa kuwa sauti haitoki yote mbele ya mafundi. Ulifanyika jukwaani, ukumbi ukiwa umejaa, mwimbaji akiwa ametamka neno moja mbele ya watu wote: Naridhia. Mwaka huu bora alikuwa Mwantumu Semboja wa Muheza. Tangu alipopewa habari hizo alizipokea kama mtu anavyopokea mvua, bila kuuliza. Sasa alikuwa na la kuuliza.

Alikwenda ofisini kwa Profesa Kijazi. Profesa alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi, aliyekuwa mwimbaji mkubwa zamani. Alipofundisha hakuwahi kutoa mfano kwa mdomo wake. Aligusa meza, na sauti yake ya ujana ikaimba kutoka ukutani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kaa. Umetoka Mombo."

Mwantumu aliinamisha kichwa. Profesa alimmiminia chai, akaisogeza kwake.

"Hukukosea kwenda," alisema. "Kila anayeteuliwa huuliza. Uliza."

"Nikishachotwa, sitaimba tena?"

"Mbele ya watu, hapana. Utavaa kitepe kidogo hapa." Profesa alishusha ukosi wa gauni. Chini ya koo palikuwa na kitepe cha rangi ya fedha, chembamba kama mshipa. "Mimi sijaimba tangu nilipokuwa na umri wako. Mwanzoni nilikuwa nikipika nasahau, nafungua mdomo, kinalia, mume wangu anakuja mbio akidhani nyumba inaungua. Sasa nimejifunza. Napika kimya."

"Na watoto wako?"

"Nimewaimbishia kwa ukuta." Alisema hivyo bila kutikisika, kisha akaigeuza bilauri yake ya chai mkononi. "Usinione kama mtu aliyeibiwa, mwanangu. Wachimbaji walio Mwezini hulala kwa sauti yangu. Waimbaji wangapi wa Handeni, wa Muheza, walikufa na sauti zao, hakuna aliyebaki nazo? Mimi nimebaki. Hata nikifa nitabaki."

Mwantumu alishika bilauri kwa mikono miwili. Ndipo akauliza swali lake la kweli.

"Na kama sauti ina mtu mwingine ndani yake? Kama haikuwa ya mmoja?"

Profesa alimtazama kwa makini. Aliinuka akafunga mlango.

"Hazina haipokei mali yenye mkono wa pili," alisema polepole. "Haiwezi kujua imlipe nani wala imfunge nani. Ikitamkwa hivyo mbele ya watu kabla ya kuridhia, uchotaji unazuiwa. Na kama huyo wa pili naye alikwisha kuchotwa, wake unafutwa. Vikuku vinafunguliwa. Ni sheria, ingawa sijaona mtu akiitumia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anayesema hivyo anajifuta mwenyewe. Wewe shahada yako ya kwanza ulipewa kama mwimbaji pekee. Ukisema hukuimba peke yako, chuo cha Tanga kitaichukua. Na sisi hatuwezi kumpa uzamili mtu asiye na shahada. Utashuka mlima huu na cheti cha sekondari, na jina la mdanganyifu." Alifungua mlango tena. "Ukikataa tu kuridhia, utarudi nyumbani na shahada yako moja, na sauti yako. Hilo nalo lipo. Nimekuambia yote matatu ili usije kusema hukuambiwa. Mimi niliambiwa moja."

Kwa hiyo aliyajua yote. Akiridhia, atahitimu kwa heshima kubwa na hataimba tena. Akikataa, atabaki na sauti na shahada ya kwanza, na Sefu atabaki na vikuku vyake. Akisema lile la tatu, Sefu atafunguliwa, na yeye atapoteza miaka yote aliyosoma, mbele ya mama yake.

Alimtumia Sefu ujumbe akimweleza yote. Jibu lilirudi upesi, la maneno manne: *Usifanye hivyo. Mmoja anatosha.*

Siku ya onyesho mama yake alifika asubuhi. Alikuwa na kanga mpya na kikapu cha vitumbua alivyokataa kuvikabidhi kwa roboti wa mlangoni.

"Linaniomba nilikabidhi kikapu," alimwambia Mwantumu katika chumba cha kuvalia. "Nimeliambia, we huna meno, vitumbua vya nini? Likanipisha." Alimgeuza binti yake huku na huku, akamnyoosha gauni mabegani. "Umekonda. Hawa wanakulisha ukungu?"

"Nakula, mama."

"Nimemwambia kila mtu Muheza. Hata wasiouliza. Mwanangu sauti yake inakwenda Mwezini. Shangazi yako anauliza huko Mwezini kuna harusi? Nikamwambia watu wakiwapo, harusi haikosi." Akacheka, kisha akapunguza sauti. "Jumapili ijayo tunamwoza Zulfa. Nimeshasema utaimba. Kabla hujawa mtu mkubwa wa kutusahau."

Mwantumu alimwangalia mama yake kwenye kioo. Kumbe hakujua. Alidhani kuchota ni kama kupiga picha, picha inakwenda na mtu anabaki.

"Mama," alisema.

"Naam."

"Kwetu, ukiimba vizuri, sifa ni ya nani?"

Mama alishangaa swali. "Ya mwimbaji, mwanangu. Ndiye anayeonekana." Akafikiri, sindano ya gauni midomoni, akaitoa. "Lakini nikiwa jukwaani bila baba yako kwenye fidla, Mungu amrehemu, nilikuwa kuku aliyenyeshewa. Hilo hatuwaambii watu."

Kengele ililia. Mama alikwenda kukaa mbele kabisa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wageni wa Hazina walikaa safu ya kati, na juu yao ilining'inia mashine ya kuchotea, duara kubwa la vioo lililogeuka taratibu kama sahani inayokaushwa. Msindikizi aliwekwa jukwaani, vidole hewani. Mwantumu aliimba wimbo wa kwanza, kisha wa pili. Aliimba vizuri, na alijua anaimba vizuri. Pumzi ya Sefu ilimjia kabla ya kila ubeti, na kila alipoacha nafasi, ukumbi mzima ulitulia nayo. Wanawake wawili nyuma walikuwa wanalia. Wimbo wa tatu ndio uliokuwa wa kuchotwa.

Profesa Kijazi alipanda jukwaani. Duara la vioo likaacha kugeuka, likamwelekea Mwantumu, na mwanga mweupe ukamwangukia kooni.

"Mwantumu binti Semboja," Profesa alisema. "Je, sauti hii ni yako, na ni yako peke yako, na waridhia iingie katika Hazina?"

Watu walingoja neno moja. Mama yake alikuwa tayari ameinua mikono kupiga makofi. Mwantumu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuimba hakusikia pumzi yoyote mbele ya pumzi yake, maana kabati halikujua linalotaka kutoka.

Alinyamaza muda mrefu. Mtu mmoja wa Hazina alikohoa. Profesa angeweza kuishia hapo, angeweza kuandika kwamba mwanafunzi amekataa, na kila mtu angerudi kwake. Badala yake alimsogelea hatua moja, akalirudia swali, taratibu, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya ukutani.

"Ni yako peke yako?"

Mwantumu aliinua macho. Hakutazama meza, hapakuwa na meza. Alimtazama mama yake, kisha watu wote.

"Hapana," alisema. "Sijawahi kuimba peke yangu. Zile nafasi ninazonyamaza, mnazozisifu, nilikuwa namsikiliza Sefu Mwinchande. Nikiimba, namjibu."